Mwalimu Asiyekula Nyama

Kosa lilikuwa la Sajini Noel Haddrick mwenyewe, na hata mimi ninayemsimulia kwa kumpenda sina pa kumfichia. Jumapili nzima aliimalizia kwenye nyama. Alikusanya nyama, akafunga nyama kwenye mifuko, akabandika mihuri juu ya mifuko, akaipanga kwenye boksi la barafu na kuisafirisha kwa ndege hadi maabara Brisbane. Alipomaliza akawaambia wenye mgahawa kwamba wanaweza kusafisha jiko, maana bwana afya alitaka kuingiza kichwa ndani ya tanuri akague, na tanuri lilikuwa limejaa uchafu. "Toeni tu," alisema, akapangusa viganja kama mtu aliyeshamaliza kazi.

Jumatatu asubuhi maabara wakapiga simu. Nyama haina kitu. Kidari safi, mbavu safi, soseji safi. Binti wa maabara alisema kwa uchangamfu kwamba kwa usafi ule hata yeye angekula. Haddrick akamshukuru, akaweka simu chini, akabaki anaangalia ukuta wa kituo kama vile ukuta ndio uliompa taarifa.

Na mtoto alikuwa bado anakufa.

Calloran ni mji wa ng'ombe. Ng'ombe ni wengi kuliko watu na wana adabu kuliko watu. Wade Kessell, kijana wa pale pale, alikuwa amekwenda Texas kujifunza kubanika nyama kwa moshi, akakaa huko mpaka watu wakaanza kumsahau, halafu akarudi na mkewe Jodie, binti yao Tilly, na tanuri la chuma refu kama gari la maiti. Jumamosi mchana akafungua mgahawa. Foleni ilianzia posta. Haddrick alikuwemo kwenye foleni, amevaa shati la kutokea, na alikula kidari, akala mbavu, akala soseji, akarudi tena kwenye kidari kuhakikisha kama kweli ni kitamu vile au alikosea mara ya kwanza.

Jioni watu wakaanza kutapika. Kabla ya mapambazuko ya Jumapili mwalimu wa shule ya msingi, Imogen Farrow, alikuwa ameshakufa. Wengine kumi na kitu wakalazwa. Wengi wao sasa walikuwa wanakunywa maji kwa kijiko na kutukana, yaani wanapona. Tilly hakuwa anapona. Tilly ana miaka sita, na Daktari Perera alikuwa amemwambia Haddrick waziwazi kwamba maji anayomtilia mtoto mshipani yanapita tu, figo zinachoka, na hawezi kutibu kitu asichokijua. "Nitafutie jina la sumu, Sajini," alisema. "Dawa nitatafuta mimi. Lakini nitafutie leo."

Konstebo Renae Sibley aliingia na vikombe viwili vya chai, akamkuta bosi wake bado yuko na ukuta.

"Maabara wanasemaje?"

"Nyama ni safi."

Sibley akaketi juu ya meza, jambo ambalo alikuwa ameshakatazwa. "Hilo ningekwambia mimi bila ndege. Afande, wewe ulikula kwa ajili ya familia tatu. Ingekuwa sumu iko kwenye nyama, saa hizi tungekuwa tunatafuta jeneza la saizi yako, na ningekuwa nimekaa kwenye kiti chako."

"Kwa hiyo unanilaumu kwa kuwa hai."

"Nakulaumu kwa kutofikiria tumbo lako kama ushahidi."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililomuuma Haddrick. Kazi yake ya miaka yote ni wizi wa mifugo. Mtu akikata seng'enge na kupakia ndama usiku, Haddrick anaitwa. Kesi ya watu kuumwa ilimwangukia kwa sababu tu yeye ndiye mpelelezi pekee aliyekuwa karibu, tena akiwa na mafuta ya mbavu kidevuni.

Wakaanza upya. Mji mzima ulikuwa umeshahukumu. Nusu walisema ni Wade na uchafu wake wa Kimarekani, na mmoja wao alikuwa ameandika MUUAJI kwa rangi nyekundu kwenye kioo cha mgahawa. Nusu nyingine walimtaja Barry Munce, mwenye bucha, ambaye Wade hakununua kwake hata kipande, na ambaye alisikika baa akisema mgahawa ule hautamaliza mwezi.

Walimkuta Munce nyuma ya kaunta, bucha tupu, kisu mkononi na hakuna cha kukata. Alikiri kwamba maneno yale aliyasema. Alikiri pia kwamba Jumamosi alikuwepo kwenye foleni, tena mapema.

"Ulikwenda kufanya nini?" Haddrick akauliza.

"Kula."

"Kwa mtu uliyesema atafilisika?"

"Nilitaka nile nyama yake niione mbaya kwa ulimi wangu mwenyewe." Munce akafuta kisu ambacho kilikuwa safi. "Haikuwa mbaya, Noel. Nilirudi nyumbani nikakaa kwenye gari bila kushuka. Mke wangu akadhani nimepata kiharusi."

"Uliingia jikoni?"

"Wade angenifukuza na koleo. Na sikiliza, ningetaka kumharibia biashara, ningesema tu nyama yake ngumu. Mjini hapa hiyo inatosha. Sihitaji mwalimu wa watoto afe."

Sibley alimuuliza alikaa wapi, alikula nini, alitoka lini, na majibu yake yote yalikuja na shahidi. Nje, Haddrick akasema mtu huyu hana hatia, ana wivu tu, na wivu ukianza kufungwa jela hapo Calloran hawatapata mtu wa kushika funguo.

Hospitali, Jodie Kessell alikuwa amekaa pembeni ya kitanda cha binti yake, bado amevaa aproni ya Jumamosi. Tilly alikuwa amelala, midomo imepasuka, ngozi ya mikono imekunjamana kama ya bibi kizee. Haddrick hakumwangalia sana. Alivuta kiti, akamuuliza Jodie habari za mwalimu, kwa sababu ndiye aliyekufa, na mpelelezi akichanganyikiwa anarudi kwa maiti.

Jodie alieleza kwa sauti ya chini. Mwalimu Farrow alikuja kwa sababu Tilly alimwalika darasani mbele ya wenzake, akaona aibu kukataa. Wakamweka meza ya familia, ile iliyo karibu na mlango wa nyuma. Wade alimtania kidogo, kwamba ni mara ya kwanza kuona mtu anakuja nyumba ya moshi kunywa maji.

"Kwa nini maji?" Haddrick akauliza.

"Hali nyama, Noel. Tangu amefika mjini hapa hajagusa nyama. Hukulijua hilo?"

Sibley, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaacha kuandika.

Haddrick akamuuliza Jodie taratibu, kama mtu anayemkaribia farasi mwoga, mwalimu alikula nini basi. Jodie akafumba macho kukumbuka. Maharagwe alikataa, yalikuwa na vipande vya nguruwe. Kabichi alionja akaacha, ilikuwa na pilipili. Alikula mkate. Mkate wa Mzee Arch, baba yake Wade, ule wa jivuni. Mzee hawezi kuona moto wa kuni akaacha kuoka dampa yake, mkate wa kambini; ndivyo alivyolisha wachunga ng'ombe tangu ujana. Mwalimu aliupenda mno. Mzee akafurahi, akamwongeza, akamwongeza tena.

"Na Tilly?"

"Tilly anampenda babu yake." Jodie akashika kidole cha mtoto. "Mzee humwekea ganda la chini, lile gumu lililoungua, anampakia asali ya miwa. Ndilo analopenda. Anapumua vibaya tangu juzi, unasikia? Mdomo unamnuka kitunguu saumu, na Wade hatii kitunguu saumu kwenye kitu chochote. Sijui amekitoa wapi."

Haddrick alisikia, lakini hakujua la kufanya na kitunguu saumu, akakiacha kipite.

Ukumbini Sibley alipita wodi kwa wodi. Hakuuliza tena watu walikula nini, maana wangeanza na nyama na kumaliza na nyama. Aliuliza kitu kimoja tu: ulipata mkate wa Mzee Arch? Wote walioumwa walipata. Walikuwa wamekaa meza ya familia au zile za jirani, ambako mzee alipita na sinia. Aliyeonja kipande alitapika usiku mmoja. Aliyekula vipande viwili bado yuko kitandani. Haddrick alikaa upande wa mbele, karibu na dirisha la kuongezewa nyama. Sinia halikumfikia.

"Unga," Sibley akasema.

"Unga ulitoka gunia lile lile la mikate midogo ya mgahawa. Nilikula minne."

"Mitano. Nilikuwa nahesabu. Basi chumvi, maji?"

"Maji ya bomba, chumvi ya jikoni. Ingekuwa hivyo mji wote ungekuwa chini."

Sibley akashusha sauti. "Basi amebaki mtu. Yeye mzee alikula?"

Hakula. Jodie alishasema, bila kuulizwa: mpishi wa kambi hula mwisho, wote wakishashiba, na siku ile mwishoni haikubaki hata punje. Kwa hiyo walikuwa na mzee wa miaka themanini na tatu aliyekanda mkate kwa mkono wake, akaugawa kwa mkono wake, na asiougusa kwa mdomo wake. Kwenye karatasi ya mashtaka ingekaa vizuri kabisa.

Mzee Arch alikuwa kwenye benchi karibu na mlango wa wodi, kofia juu ya goti. Macho yake yalikuwa yamefifia, alimjua Haddrick kwa sauti. Haddrick akaketi karibu naye, na kwa kuwa hakuwa na moyo wa kumhoji, alifanya kama anampitishia muda. Akamwuliza siku hizi dampa anaiokaje. Mzee akachangamka. Alisema vijana wanaharibu kwa sababu wanaoka kwenye sufuria. Dampa ya kweli huna haja ya sufuria. Unachimba shimo, unatandika jivu la moto, unalaza donge, unalifunika na jivu. Ukitoa unalipiga makofi vumbi litoke, basi. Jumamosi alichimba nyuma ya mgahawa na Wade akamletea jivu kwenye koleo kutoka tanurini.

"Jivu lilikuwa zuri, mwanangu. Jeupe, laini kama poda. Sijapata jivu laini vile siku nyingi." Kisha akageuza uso upande wa wodi. "Akiamka atataka kitu cha kutafuna. Hapa wanawapa watoto uji tu. Unadhani daktari ataniruhusu nimletee?"

Haddrick akasema atamwuliza.

Simu ya Sibley ililia walipokuwa kwenye maegesho. Alisikiliza, akakunja uso, akasema ndiyo mama, hapana mama, nimekuelewa mama. Alipokata alitukana. Ni Glenys Purtell, anayeishi nyuma ya mgahawa. Ng'ombe wake wa maziwa amekufa. Anataka polisi waje sasa hivi, na anataka aje yule wa mifugo.

"Nimwambie watu wanakufa hapa?" Sibley akauliza. "Au nimwambie tu wa mifugo yuko likizo?"

"Ng'ombe amekufa lini?"

"Afande."

"Lini, Renae?"

"Jana jioni alikuwa mzima. Leo amemkuta kwenye uzio."

Haddrick alishakuwa ndani ya gari.

Ng'ombe alikuwa amelala kwa ubavu, tumbo limevimba, mkia na miguu ya nyuma imechafuka kwa kuharisha. Glenys Purtell alisimama juu yake mikono kiunoni, akisema kwamba ukiwa na jirani anayetupa takataka zake juu ya uzio huna haja ya adui. Haddrick hakubishana naye. Alipiga magoti, akashika ule mdomo mpana, akaupindua kuelekea juani. Pua, midomo, na ndevu zote zilikuwa na poda nyeupe. Ulimi pia. Hatua chache mbele, chini ya uzio wa mgahawa, kulikuwa na lundo la jivu, na juu ya jivu alama za ulimi, ndefu, zimepishana, kama mtu aliyepaka plasta kwa mwiko.

"Anatafuta chumvi," Haddrick akasema polepole. "Wote wanalamba jivu. Sijawahi kuona jivu la kawaida likiwaua. Nimewaona wakifa mara mbili maishani, na mara zote mbili mtu alikuwa amechoma mbao zilizotiwa dawa."

Sibley akaangalia lundo, akaangalia uzio. "Hili jivu lilitupwa lini?"

"Jana," akajibu Glenys Purtell. "Wade aliniomba radhi kabisa. Alisema polisi ndio wamemwambia alitoe."

Sibley angeweza kusema kitu, na siku nyingine angesema, lakini alikwenda garini kuchukua mifuko ya ushahidi. Haddrick alibaki amepiga magoti. Siku nzima ya mtoto ilikuwa imekwenda na lile neno "toeni tu".

Wade alikuwa nyuma ya mgahawa, amekaa juu ya kreti lililogeuzwa, mbele ya tanuri lililopoa. Mikono yake ilikuwa na madoa ya rangi nyekundu. Alikuwa amejaribu kusugua kile kioo. Alipomwona Haddrick hakusimama. Akauliza kama maabara wamejibu.

"Nyama ni safi."

Wade akainamisha kichwa, akapumua kwa nguvu. "Nilikwambia. Jumapili yote nilikwambia. Nyama yangu haina neno."

"Ulichoma kuni gani?"

"Nilishakwambia. Mkaratusi wa gome jeusi, niliukata mwenyewe mwaka jana, nikaupasua mwenyewe. Hauna hata tone la rangi."

"Usiku kucha?"

"Usiku kucha. Moshi wote wa nyama ile ni mkaratusi."

Haddrick akatembea hadi kwenye rundo la kuni. Mkaratusi uliopasuliwa ulikuwa umepangwa vizuri, mwekundu ndani. Pembeni, chini ya turubai, palikuwa na vipande vingine, vya kijivu, vinene, vimekatwa kwa msumeno urefu wa mkono. Akakinyanyua kimoja. Upande mmoja ulikuwa umelainika na kung'aa, kama kiti cha kanisani. Mbao hailainiki vile kwa mvua. Hulainika kwa mbavu za ng'ombe, maelfu yao, wakipita wakijisugua.

"Na hivi?"

"Hivyo sikubanikia."

"Sijauliza ulibanikia nini, Wade. Nauliza hivi uliviweka kwenye moto?"

"Asubuhi tu." Wade alijibu kama anayemweleza mtoto. "Kukikaribia kucha nyama unaifunga kwenye karatasi ya bucha. Ikishafungwa haivuti moshi tena, ni joto tu linalomalizia. Hakuna mtu mwenye akili anayechoma kuni nzuri wakati huo. Unatupia chochote. Huko Texas kila mtu anafanya hivyo. Kwa hiyo mkaratusi nikauhifadhi, nikatupia hizo."

"Zilitoka wapi?"

"Zizi la zamani la Calloran, lile bovu. Wanabomoa, wakasema chukua. Ni mbao kavu, Noel, zina miaka tisini juani. Zinawaka kama—"

"Upande gani wa zizi?"

"Ile njia nyembamba ya nyuma. Inayopandisha kutoka kwenye lile shimo refu lililofukiwa."

"Unajua lile shimo lilikuwa nini?"

Wade akainua mabega. Alidhani ni pa kunyweshea. Lilifukiwa kabla hajazaliwa.

"Josho," Haddrick akasema. "Ng'ombe wanaruka ndani, wanaogelea, wanatoka upande wa pili wanachuruzika. Wanasimama kwenye njia hiyo nyembamba mpaka wakauke, wamejibana kwenye mbao hizi. Miaka hamsini, kila baada ya wiki chache. Na dawa ya kupe ya miaka ile haikuwa hii ya sasa. Ilikuwa arseniki, sumu isiyoungua; inabaki jivuni."

Wade aliangalia kipande kile mikononi mwa Haddrick, kisha akaangalia mahali ambapo, mita chache kutoka tanurini, ardhi ilikuwa imechimbwa kishimo kidogo cha mviringo, kimefukiwa vizuri na mtu mwenye mazoea.

Haddrick alimpigia Daktari Perera akiwa amesimama hapo hapo. Alimweleza josho, mbao, jivu, mkate, ng'ombe. Akamweleza pia, kwa aibu, kwamba mama wa mtoto alisema kitu kuhusu kitunguu saumu na yeye hakukitilia maanani. Daktari akasema, "Mdomo. Hiyo ndiyo harufu ya arseniki," na simu ikakatika. Sibley aliyekuwa karibu alisema amemsikia akianza kukimbia kabla ya kukata.

Jioni walikuwa tena hospitali, ukumbini, wote wanne: Haddrick, Sibley, Wade na Jodie. Dawa ya kuvuta sumu mwilini ilikuwa imeletwa kwa helikopta, na Tilly alikuwa ameanza kuchomwa sindano. Daktari Perera alitoka mara moja kuongea nao. Alisema ni dawa yenyewe, na imefika. Alisema ingefika jana asingekuwa na wasiwasi, leo anao. Figo zitaamua zenyewe, na kesho ndipo watajua. Hakumwangalia Haddrick aliposema jana. Haddrick alitamani angemwangalia.

Kila chumba sasa kilikuwa kinapewa dawa, na kila chumba kilikuwa kinauliza. Habari zilishaanza kutoka: haikuwa nyama. Muuguzi mmoja alimpa Wade mkono, akamwambia pole kwa yale yaliyoandikwa kwenye kioo, mji utamwomba radhi. Wade aliupokea mkono ule kama mtu anayepewa kitu cha mwingine amshikie. Haddrick alimwambia kwa sauti ya kazi kwamba kesho ataandika maelezo yake upya, mbao, karatasi, jivu, mkate, kila kitu kwa mpangilio, na kwamba haoni kosa la jinai hapo, anaona msiba tu. Wade alitikisa kichwa akikubali kila neno bila kulisikia.

"Mzee yuko wapi?" Sibley akauliza.

Jodie akasema ameshuka kantini. Amekwenda kuomba unga.

Hakuna aliyemwangalia mwenzake.

"Noel," Wade akasema. "Daktari akijua, inatosha. Wewe ukijua, inatosha. Baba hasomi tena, haoni hata gazeti. Mwambie ilikuwa nyama. Mwambie ni mimi, niliharibu nyama. Nakuomba."

Sibley alikuwa anachunguza kidole gumba chake. Haddrick alifungua mdomo, akakumbuka maelezo aliyotakiwa kuandika, akakumbuka familia ya mwalimu inayokuja kesho kutoka Adelaide kuuliza binti yao alikula nini, akaufunga mdomo. Mwisho wa ukumbi lifti ikafunguka, na Mzee Arch akatoka, mkono mmoja ukutani, mwingine umekumbatia mfuko mdogo wa karatasi kifuani. Alifuata sauti ya pumzi zao mpaka akawafikia.

"Kuna watu wanasema pale chini imejulikana," alisema, akitabasamu kuelekea mahali alipodhani Haddrick yupo. "Haikuwa nyama ya kijana wangu. Nilijua. Haya, mwanangu, wewe hujawahi kunidanganya tangu ukiwa unaniibia mapera. Niambie ilikuwa nini."

Akavua kofia, akasubiri. Ndani ya wodi mashine ya Tilly ilikuwa inalia polepole. Mzee akageuza sikio lake zima upande wao, la kushoto, lile linalosikia.

"Niambieni basi," akasema. "Mtu yeyote."